Kambi yetu inauzwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka kuokoa kambi ya utotoni

Barua mara nyingi huja msimu ukishakwisha: bodi imeamua kambi haitafunguliwa mwakani, na ardhi itatafutiwa mnunuzi. Haipiti wiki, watu ambao hawajaonana tangu wana miaka 12 wanaanza kutafutana. Majibu yaliyo hapa yanahusu Marekani, ambako kambi za kiangazi zina zaidi ya miaka 160, na yanaegemea hasa kambi tatu: Eagle Island ya New York, Crowell Hilaka ya Ohio na Deer Lake ya Connecticut. Zote zilikuwa za maskauti, zote ziliwekwa sokoni, na zote zimenusurika. Kila moja ilipita njia yake, na ndiyo maana inafaa kuzisoma pamoja.

Kambi ya kiangazi ni nini hasa, kwa sisi ambao hatukukulia huko?

Shule nyingi za Marekani hufungwa wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa karibu wiki kumi. Mwaka 1861 mwalimu Frederick Gunn wa mji wa Washington, Connecticut, aliwachukua wanafunzi wake wakaenda kupiga mahema ufukweni, na wengi huhesabu safari hiyo kuwa ndiyo kambi ya kwanza. Tangu hapo zimeota kila mahali penye ziwa na msitu. Kuna za kutwa, mtoto anarudi nyumbani jioni, na kuna za kulala, ambako anakaa wiki moja, mbili, au kiangazi kizima. Analala kwenye kibanda cha mbao na wenzake, anajifunza kuogelea, kupiga makasia, kuwasha moto, kuimba. Wasimamizi wake ni vijana wa miaka 18 hadi 20 na kitu, na wengi wao walianza hapo hapo wakiwa watoto.

Mtu mzima ana kazi na familia. Kambi ya utotoni anaililia ya nini?

Kwa wengi ndipo mahali pa kwanza walipolala bila mama wala baba, na wakaona wanaweza. Kwa wasichana wa miaka ya 1940 na 1950 uzito ulikuwa mkubwa zaidi: kambini waliendesha mashua ya tanga wenyewe, wakapasua kuni wenyewe, wakaongoza wenzao, wakati ambapo nyumbani na shuleni kazi hizo zilihesabiwa kuwa za wavulana. Mwanamke aliyepewa usukani akiwa na miaka 13 hasahau ni nani aliyempa.

Kama watoto bado wanakuja, kwa nini kambi ifungwe?

Kwa sababu anayeipenda si yeye anayeimiliki. Hili ndilo jambo la kuelewa kabla ya mengine yote. Kambi nyingi ni mali ya shirika lenye bodi, na bodi inasoma hesabu za shirika zima. Kwenye hesabu hizo kambi ni ardhi ya ziwani yenye bei kubwa na majengo yanayokula fedha. Jiko la mwaka 1950 halikidhi kanuni za afya za leo. Mfumo wa maji taka umechoka. Gati linaoza, paa linavuja, bima inapanda kila mwaka. Ukarabati uliahirishwa mwaka huu, ukaahirishwa mwaka uliofuata, na siku mhandisi alipokuja kukadiria gharama, tarakimu zikawatisha wote.

Juu ya hayo kuna mambo makubwa matatu yaliyotokea ndani ya miaka 20 hii. La kwanza ni kuunganishwa kwa mabaraza ya mikoa ya Girl Scouts, yaani maskauti wa kike. Kati ya mwaka 2006 na 2009 mabaraza zaidi ya 300 yalipunguzwa hadi 112, na baraza jipya lililorithi kambi tano au sita lilijiuliza linahitaji ngapi. La pili ni kesi za unyanyasaji wa watoto katika Boy Scouts of America, shirika la maskauti wa kiume. Shirika liliomba ulinzi wa mufilisi Februari 2020, madai yakafika zaidi ya 82,000, na mpango wa fidia wa dola bilioni 2.46 ukaanza kazi Aprili 2023. Mabaraza ya mikoa yalipaswa kuchangia zaidi ya dola milioni 500, na baadhi yakauza kambi ili kupata sehemu yake. La tatu ni korona: kiangazi cha 2020 kambi nyingi za kulala hazikufunguliwa kabisa, na zilizokuwa zikiishi kwa ada za msimu hadi msimu hazikuwa na akiba ya kuvukia mwaka.

Naomba mwenye hasira asome aya hiyo mara mbili. Waliodhulumiwa walistahili fidia, na kampeni yoyote inayowaona wao kuwa ndio walioua kambi imeshapotea njia.

Eagle Island iliokolewaje?

Eagle Island ni kisiwa katika ziwa Upper Saranac, kwenye milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York. Majengo yake yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa ajili ya Levi P. Morton, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani tangu 1889 hadi 1893. Msanifu alikuwa William L. Coulter, na mtindo ni ule wa Adirondack: magogo yenye magome yake, meko makubwa ya mawe, veranda zinazotazama maji. Mwaka 1910 kisiwa kikanunuliwa na Henry Graves Jr., tajiri wa New York ambaye watu wa saa wanamfahamu kwa saa ya mfukoni aliyotengenezewa na Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 familia ya Graves iliwapa kisiwa hicho maskauti wa kike wa New Jersey.

Tangu 1938 hadi 2008 wasichana walikwenda pale kila kiangazi. Hakuna daraja. Unafika kwa boti na unaondoka kwa boti, na mashua ya tanga ndiyo iliyokuwa shule kuu. Mwaka 2004 serikali kuu ilikitambua kisiwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa, hadhi ya juu kabisa ambayo majengo ya kale yanaweza kupewa Marekani. Miaka minne baadaye kambi ikafungwa na baraza likatafuta mnunuzi. Mtu akidhani hadhi hiyo inazuia mauzo, anakosea: mali binafsi yenye alama hiyo inauzwa kama nyingine yoyote.

Wanakambi wa zamani waliunda shirika, wakaliita Friends of Eagle Island, wakaomba wauziwe. Hawakuwa na fedha za kutosha. Kilichowasaidia, naona, ni kwamba hawakutawanyika. Mwaka ulipita, wa pili, wa tatu. Mnunuzi wa bei iliyotakiwa hakutokea upesi, maana kisiwa kisicho na daraja, chenye majengo ya zaidi ya miaka 100, si mzigo wa kila tajiri. Shirika likaendelea kukutana, kuandika, kuchangisha, kutafuta wazao wa waliojenga na waliotoa. Mwaka 2015 kisiwa kikawafikia, kwa msaada mkubwa wa mfuko wa hisani wa ukoo ule ule wa Graves. Ilichukua kama miaka saba tangu msimu wa mwisho. Leo watoto wamerudi, na mashua zinatoka tena.

Anayetaka kuiga asikimbilie kusema walibahatika kupata tajiri. Ukoo wa Graves ulikuwepo tangu mwanzo. Ilihitajika taasisi iliyosajiliwa, yenye mweka hazina na hesabu zilizokaguliwa, ndipo ukoo huo uwe na mtu wa kumkabidhi kitu.

Wanakambi wa zamani hawana haki yoyote kisheria?

Kwa kawaida, hapana. Kulala kwenye kibanda viangazi sita hakukupi hisa. Hata uanachama wa shirika lenyewe huenda usitoshe, na Ohio ndiko kulikoonyesha hivyo waziwazi. Baraza la Girl Scouts la kaskazini-mashariki mwa jimbo hilo lilipoamua mwaka 2011 kuuza kambi kadhaa, Crowell Hilaka ikiwemo, wanachama walipiga kura kwenye mkutano mkuu kutaka mauzo yasimame. Bodi ilisema kura hiyo ni ushauri tu. Kundi la wanachama likaenda mahakamani, na mahakama ikakaa upande wa bodi: mamlaka juu ya mali ni yake.

Kuna mwanya mmoja, nao uko kwenye karatasi za zamani. Iwapo ardhi ilitolewa kama zawadi yenye masharti, kwa mfano kwamba itumike kwa vijana peke yao, masharti hayo yanaweza kumbana mwenye mali hata baada ya miaka 80. Mwanasheria mkuu wa jimbo ana wajibu wa kulinda zawadi za hisani na anaweza kuuliza maswali. Kwa hiyo mtu mmoja aende ofisi ya hati za ardhi ya kaunti, aombe hati ya asili na kila nyongeza iliyoandikishwa baadaye. Afanye hivyo kabla ya kuchapisha fulana.

Kama mahakama iliwakatalia, Crowell Hilaka ilinusurikaje?

Kwa sanduku la kura. Kambi hiyo ina ekari 336 katika mji mdogo wa Richfield, kati ya Cleveland na Akron. Ina maziwa mawili, na ina nyumba na kinu cha James Kirby, mvumbuzi ambaye jina lake liko hadi leo kwenye mashine za kusafishia mazulia. Wanakambi wa zamani waliungana na majirani ambao hawakuwahi kuwa maskauti, na hapo ndipo palipobadilika kila kitu. Jirani hakujali nyimbo za moto wa kambi. Alijali kwamba nyumba mia kadhaa zingejengwa bondeni, malori yangepita kwake, na msitu ungeondoka.

Kijiji cha Richfield na tarafa inayokizunguka walikuwa na chombo chao cha pamoja cha burudani za umma. Novemba 2014 wakazi walipiga kura ya kukubali kukatwa kodi ili chombo hicho kinunue ardhi, na mwaka 2015 kikalipa dola milioni 7. Sasa ni hifadhi ya wazi kwa watu wote. Si kambi ya wasichana tena, na wapo walioumia kwa hilo. Mimi ningepiga kura ya ndiyo bila kusita: ardhi iliyo mikononi mwa umma inaweza kukodishwa kwa kambi wakati wowote, na ardhi iliyokwisha kujengwa haiwezi.

Fedha hutoka wapi?

Michango midogo ya wanakambi huleta heshima zaidi kuliko fedha. Inamwonyesha mtoaji mkubwa kwamba kuna watu. Fedha za kununua kwa kawaida hutoka kwa watoaji wachache wa kiasi kikubwa, mashirika ya kuhifadhi ardhi, mji au kaunti, na mkopo.

Deer Lake ni mfano mzuri. Iko Killingworth, Connecticut, ekari kama 255 za msitu na ziwa, mali ya baraza la Boy Scouts. Baraza lilipotangaza kuuza, mwendelezaji wa ardhi alikuwa tayari na ofa kubwa. Shirika la wenyeji liitwalo Pathfinders, lililoundwa na watu walioijua kambi ile kwa miaka mingi, lilichangisha, likakopa kwa waliokuwa tayari kulikopesha, likapandisha ofa yake, na mwaka 2022 likainunua kwa zaidi ya dola milioni 4. Baraza lilikuwa limesema tangu mwanzo linahitaji bei ya soko. Waliofanikiwa ni wale waliolichukua neno hilo jinsi lilivyo, wakaitafuta bei, badala ya kumaliza miezi wakibishana kwamba ilipaswa kuwa ndogo.

Tuanze na nini wiki ya kwanza?

Pata tarehe. Bodi inakutana lini, ofa zinafungwa lini, nani dalali. Kisha ombeni kwa maandishi muda, miezi sita au mwaka, na muulizwe kwanza kabla ya kuuziwa mwingine. Bodi nyingi hazipendi kuonekana zimewafungia watoto mlango, na ombi la adabu lenye tarehe ndani yake ni gumu kulikataa kuliko saini elfu kumi za malalamiko.

Sambamba na hilo, sajilini shirika. Marekani mtoaji anataka risiti ya kumpunguzia kodi, na bila hadhi ya hisani inayotambuliwa na serikali kuu hamwezi kumpa. Usajili unachukua miezi, kwa hiyo tafuteni shirika lililopo, la uhifadhi au la jamii, liwashikie michango kwa muda. Fedha zisipite kwenye akaunti ya mtu binafsi hata siku moja, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kuliko wote. Wanaojua harambee za nyumbani wanaelewa kwa nini nasisitiza.

Mengine yatasubiri. Nembo, mkutano wa kuonana, video ya kumbukumbu: vyote vizuri, vyote baadaye.

Tumeambiwa mnunuzi amepatikana. Tumechelewa?

Huenda bado. Kusaini makubaliano ya kuuza na kukamilisha mauzo ni siku mbili tofauti, na kati yake mnunuzi anakagua udongo, maji, mipaka na vibali. Mauzo yanaweza kuvunjika hapo. Mwandikieni mwenye mali kwamba ofa yenu ipo endapo ya kwanza itaanguka. Nendeni pia kwenye vikao vya mipango miji, maana ruhusa ya kujenga inajadiliwa hadharani na kila mkazi ana haki ya kusema. Lakini hati ikishabadilishwa jina, maji yamemwagika.

Tunasikia habari ya kuuza haki ya kujenga. Ni kitu gani?

Mwenye ardhi anaandikiana na shirika la uhifadhi kwamba yeye na kila atakayemfuata hawataigawa viwanja wala kujenga zaidi ya kilichokubaliwa, milele. Shirika linamlipa thamani ya haki aliyoiacha, au anapata nafuu ya kodi akiitoa bure. Ardhi inabaki yake, kambi inaendelea, na fedha zinaingia za kutengeneza paa. Kwa kambi ambayo bado haijafungwa hii ndiyo dawa bora ninayoifahamu, na inasikitisha kwamba wengi huisikia wakati kibao cha kuuza kimeshasimikwa getini.

Kuna kambi isiyofaa kuokolewa?

Ipo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe ulifurika huko Texas na kuua watoto na wasimamizi vijana 27 wa Camp Mystic, kambi ya wasichana ambayo familia nyingi ziliipenda kwa vizazi. Mwaka huo huo bunge la Texas lilipitisha sheria kali zaidi kuhusu vibanda kwenye maeneo ya mafuriko na mipango ya dharura. Kambi ambayo vibanda vyake viko mkondo wa maji isifunguliwe kwa hoja ya desturi. Vihamishwe, au isifunguliwe.

Na kama kambi ina historia ya watoto kuumizwa na watu wazima wakanyamaza, kamati ya kuiokoa iwasikilize waliodhurika kabla ya kumpigia mtoaji yeyote simu. Baadhi yao watataka ibaki na wengine watataka ifungwe. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kambi hizi ni za watoto wa nani? Familia yetu haina fedha hizo.

Swali la haki kabisa. Kwa miongo mingi kambi nyingi za Marekani ziliwafungia mlango watoto weusi, ndipo watu weusi wakajenga zao. Camp Atwater ya North Brookfield, Massachusetts, ilianzishwa mwaka 1921 na mchungaji William DeBerry wa Springfield, na ni miongoni mwa kongwe zaidi zilizoanzishwa kwa ajili ya watoto hao. Kwa hiyo anayesema "tuirudishe kama ilivyokuwa" aulizwe ilikuwaje, na nani hakuwemo.

Leo kambi nyingi zina nafasi za ufadhili, hasa za maskauti, za makanisa na za YMCA, chama cha vijana chenye asili ya Kikristo. Familia nyingi za Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania walioko Ohio, Texas au Iowa hazijui kuhusu nafasi hizo kwa sababu tangazo halijawahi kufika misikitini, makanisani wala kwenye vikundi vya WhatsApp vya jamii. Kampeni inayotaka watoto 20 mwakani ingeanzia hapo. Bodi inayomtazama mtoaji ikiwa na orodha ya watoto wapya ina hoja ambayo picha za mwaka 1962 haziwezi kuitoa.

Wazazi wetu huuliza pia: chakula halali kipo? Binti atalala na nani? Simu inaruhusiwa? Ni maswali mazuri, na kambi iyajibu kwa maandishi kabla ya kuomba ada.

Mimi niko Nairobi. Niliwahi kufanya kazi kambini Marekani kwa viza ya J-1. Naweza kusaidia?

Ndiyo. Viza hiyo, ya programu za kubadilishana, ina kundi maalumu la wasimamizi wa kambi, na vijana wa nchi nyingi wamepitia humo. Andika barua kwa bodi, ukurasa mmoja: ulitoka wapi, ulifanya nini pale, kazi hiyo imekufikisha wapi. Bodi zinapokea barua nyingi za watu wa mji wa karibu. Ya kutoka mbali husomwa. Na kama uliwahi kuwa Girl Guide nyumbani, litaje hilo. Girl Scouts wa Marekani na Girl Guides wa Kenya na Tanzania ni wanachama wa chama kimoja cha dunia.

Tukishanunua, kazi imekwisha?

Hapo ndipo gharama zinaanza kwa kweli. Msimu wa kwanza usiwe na haraka. Fungueni kwa kambi ya kutwa kabla ya kuthubutu kulaza watoto, kwa kuwa kulaza kunahitaji jiko lililopitishwa, vyoo, wauguzi na wasimamizi usiku kucha. Wanakambi wa zamani wapewe wikendi za kazi: kupaka rangi, kubadilisha mbao za gati, kufyeka njia. Kodisheni ukumbi kwa harusi na mikutano nje ya msimu. Tengeni akiba ya paa kila mwaka, iwe kidogo namna gani.

Mwajirini mkurugenzi anayelipwa mshahara. Nalitilia mkazo hili kwa sababu kamati za wapenzi wa kambi hudhani zitaendesha kila kitu kwa kujitolea, na watu wale wale watano wanachoka kufikia mwaka wa tatu.

Jina la zamani litabaki?

Inategemea mlichonunua. Jina linaweza kuwa mali ya mwenye kambi wa kwanza hata baada ya ardhi kuhama, na alama za maskauti hazitumiki bila ruhusa. Eagle Island imebaki Eagle Island. Crowell Hilaka sasa inaitwa Richfield Heritage Preserve, na wanakambi wake wa zamani bado wanaiita Crowell Hilaka. Ulizeni kuhusu jina, nembo, picha na vitabu vya wageni mkiwa mezani mnajadili bei, na viandikwe kwenye mkataba pamoja na boti, matrekta na vyombo vya jikoni.